Mwongozo Kamili: Kupiga Kura Kigoma Bila Kurudishwa Kituoni, na Kuisimamia Kura Yako Miaka Mitano Inayofuata

Malalamiko ni yaleyale kila uchaguzi. Mtu ana kadi ya mpiga kura, amepanga foleni tangu alfajiri, anafika mezani anaambiwa jina lake halipo. Mwingine alihama Ujiji akajenga Gungu, siku ya kura akaenda kituo kilicho jirani na nyumba yake mpya, akarudishwa. Mwingine alipiga kura salama, kisha hakukanyaga tena mkutano wa mtaa hadi korongo lilipokula njia ya kwenda kwake, ndipo akaanza kuuliza serikali iko wapi.

Kura nyingi hupotea mapema sana, wiki ya kujiandikisha. Zile zinazopona hupotea baadaye, kwenye mikutano isiyo na watu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza miezi mingi kabla ya siku ya kura na kuendelea mpaka vikao vya kila miezi mitatu.

Najua wapo waliovunjika moyo kwa yaliyotokea nchini Oktoba 2025. Maandishi haya hayana uwezo wa kuyaondoa machungu hayo. Ila mtaa wako bado una mwenyekiti, kijiji chako bado kina ardhi ya kugawa, na michango bado inakusanywa. Hayo hayasubiri mtu apoe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta bahasha moja ngumu, ya plastiki ikiwezekana, maana mvua zetu hazina urafiki na karatasi. Weka humo:

- Kadi ya mpiga kura kama unayo, pamoja na nakala yake. Ipige picha pia kwa simu, pande zote mbili.
- Kitambulisho cha taifa, au namba yako ya NIDA kama kitambulisho hakijatoka.
- Cheti cha kuzaliwa. Kama huna, cheti cha shule au cha ubatizo, na nyaraka za wazazi wako ukizipata.
- Daftari dogo na kalamu.
- Karatasi yenye jina la mtaa wako au kitongoji, kijiji, kata na jimbo, vikiwa vimeandikwa sawasawa.
- Namba ya simu ya mtendaji wako wa mtaa au wa kijiji.
- Risiti na stakabadhi zote za michango na ushuru uliolipa.

Utashangaa ni watu wangapi wanaojua jina la mbunge lakini hawajui jina la mtendaji wa mtaa wao. Anza na hilo. Huyo ndiye utakayekutana naye mara nyingi kuliko kiongozi mwingine yeyote.

## Hatua ya 1: Tambua ni uchaguzi upi unaokuja

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma polepole.

Tanzania Bara ina chaguzi mbili, na kila moja ina orodha yake ya wapiga kura.

Uchaguzi mkuu ni wa Rais, mbunge na diwani. Unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Orodha yake ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na ukiandikishwa humo unapewa kadi. Uchaguzi huo ulifanyika 29 Oktoba 2025, na kwa utaratibu wa miaka mitano unaofuata ni wa 2030.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ni wa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mjini ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Ule wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Orodha yake huandikwa upya mtaani au kitongojini kwako, na hakuna kadi inayotolewa. Unaofuata ni wa 2029.

Maana yake ni hii: kadi ya mpiga kura haikuingizi kwenye orodha ya mtaa. Na kujiandikisha mtaani hakukuingizi kwenye Daftari la Kudumu. Ukitaka kupiga kura kwenye chaguzi zote mbili, unajiandikisha mara mbili, kwa nyakati tofauti, kwa watu tofauti.

Mwaka 2024 tuliliona hili waziwazi hapa Kigoma. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu ulizinduliwa kwetu tarehe 20 Julai 2024, na mkoa wetu ulikuwa wa mwanzo nchini. Watu wakajitokeza, wakapata kadi zao. Ilipofika Oktoba, kuanzia tarehe 11 hadi 20, wakatangaziwa tena kujiandikisha kwa ajili ya serikali za mitaa. Wengi wakajibu, "Mimi nimeshajiandikisha Julai." Hao ndio waliokosa majina yao Novemba.

Utajua umefaulu hatua hii pale utakapoweza kumweleza jirani yako tofauti ya orodha hizi mbili bila kutazama hapa.

## Hatua ya 2: Sawazisha majina na nyaraka zako

Toa karatasi zote kwenye bahasha, zipange mezani, usome jina lako kwenye kila moja. Kigoma majina yanaharibika kirahisi. Ruhaga anaandikwa Luhaga. Khamisi anakuwa Hamis. Jina la Kiha linaloanza na "Nt" linapoteza herufi moja kwa karani asiyelizoea. Mwanamke ana jina la baba kwenye cheti cha shule na la mume kwenye kadi.

Karani wa kituo hakujui kwa sura. Anachokijua ni maandishi. Chagua namna moja ya kuandika jina lako, ile iliyo kwenye kitambulisho cha taifa kama unacho, na uishikilie hiyohiyo kila mahali. Palipokosewa, omba marekebisho mapema.

### Kwa wanaoulizwa kuhusu uraia

Tunaishi mpakani. Mtu wa Manyovu, Kagunga au Kakonko anaweza kuulizwa maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi. Inachosha, na naelewa kwa nini inauma. Lakini kuulizwa si kukataliwa, na mwenye nyaraka mkononi humaliza haraka kuliko mwenye hasira.

Beba cheti cha kuzaliwa au cha shule, nyaraka za wazazi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Kama familia yenu ilipewa uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba, beba cheti cha uraia. Raia wa tajnisi ana haki ya kupiga kura kama raia wa kuzaliwa.

Onyo: usikubali kununua barua wala cheti cha kughushi. Karatasi moja ya uongo inaweza kuitilia shaka familia nzima yenye haki.

## Hatua ya 3: Jiandikishe

Daftari la Kudumu. Sifa ni kuwa raia wa Tanzania mwenye miaka 18, au atakayeitimiza kufikia siku ya uchaguzi. Huyo wa mwisho husahaulika sana. Kijana wa miaka 17 anayetimiza 18 kabla ya siku ya kura anatakiwa ajiandikishe sasa, asisubiri siku yake ya kuzaliwa.

Uandikishaji hauko wazi mwaka mzima. Tume hutangaza ratiba, na mashine hukaa siku chache kwenye kata kisha zinahama. Mwaka 2024 siku hizo ziliangukia kipindi ambacho Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo wavuvi wengi walikuwa nyumbani. Usitegemee bahati hiyo irudi. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga anayejua ataelekea kambi za kusini apange safari yake kwa kuangalia ratiba ya uandikishaji, kama anavyoangalia giza na mbalamwezi.

Ukifika kituoni utaulizwa taarifa zako, utapigwa picha, utachukuliwa alama za vidole, na utapewa kadi papo hapo. Usiondoke mezani kabla hujaisoma kadi. Soma jina, tarehe ya kuzaliwa, kata na jina la kituo. Kosa likionekana ukiwa umesimama hapo linarekebishwa hapohapo. Likionekana nyumbani lina safari nyingine.

Kama umehama. Kadi yako ya zamani bado ni kadi, lakini jina lako liko kituo cha zamani. Nenda na kadi hiyo kwenye kituo cha unapoishi sasa, wakati wa uboreshaji, useme unahamisha taarifa. Aliyekwisha kuandikishwa anaweza kuanzisha mabadiliko kwa njia ya mtandao, kisha akamalizia kituoni.

Onyo kubwa: usijiandikishe upya kama mtu mpya kwa sababu kadi imepotea au umehama. Mashine zinalinganisha alama za vidole, na kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai. Sema ukweli, "nimepoteza kadi" au "nimehama." Kuna utaratibu wa kila moja.

Orodha ya mtaa au kitongoji. Hii ni rahisi zaidi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Unakwenda kituo cha mtaani kwako, unaandikwa kwenye daftari, unaweka sahihi au dole gumba. Dakika chache tu. Tatizo ni msimu: ilikuwa Oktoba, mvua za kwanza, watu wako mashambani Uvinza na Kasulu wanapanda. Kama unakwenda kulala shambani, jiandikishe siku ya kwanza ndipo uondoke. Andikishwa mahali unapoishi. Kama kwako ni Mwanga na shamba liko Nguruka, jina lako ni la Mwanga.

## Hatua ya 4: Kagua orodha ukutani

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Baada ya uandikishaji, orodha hubandikwa mahali pa wazi: ukuta wa ofisi ya mtaa, mti wa mbele ya shule, ubao wa matangazo wa kata. Hubandikwa ili wewe uisome. Karatasi zile zinakaa pale, upepo wa ziwa unazinyanyua kona, mbuzi wanakula moja, na watu wanapita kwenda sokoni bila kugeuza shingo.

Fanya hivi:

1. Nenda asubuhi siku za mwanzo, karatasi zikiwa bado nzima.
2. Tafuta jina lako kwa namna zote linavyoweza kukosewa. Ukiwa Ruhaga, pitia R, kisha pitia L.
3. Likionekana, andika kwenye daftari lako namba yake ya mstari na jina la kituo. Piga picha mstari huo.
4. Tafuta na majina ya watu wa nyumbani kwako, hasa wazee na vijana wa mara ya kwanza.
5. Ukiona jina la marehemu, la mtu aliyehama au la mtoto, toa taarifa. Kipindi cha kubandika orodha ndicho kipindi cha pingamizi na marekebisho.

Jina likikosekana, nenda siku hiyohiyo kwa mwandikishaji au msimamizi ukiwa na nyaraka zako, uombe marekebisho. Ukienda siku ya kura kulalamika, karani hata kama anakuonea huruma hana mamlaka ya kukuongeza.

Usitoe taarifa ya uongo dhidi ya mtu kwa sababu ya chama chake au kwa sababu jina lake unaliona la upande wa pili wa mpaka. Pingamizi bila ushahidi ni kumnyima jirani haki yake, na jirani huyo utaendelea kuchota naye maji bomba moja.

Umefaulu ukiwa na namba ya mstari na jina la kituo kwenye daftari lako. Bila hivyo viwili, hujamaliza.

## Hatua ya 5: Wapime wagombea kwa kazi wanayoiomba

Wagombea wengi wa udiwani huahidi mambo ya mbunge, na wa ubunge huahidi mambo ya Rais. Wewe jua nani anafanya nini.

Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anaitisha na kuongoza mikutano, anasimamia shughuli za kujitolea, usalama na usuluhishi wa karibu. Kijijini, halmashauri ya kijiji anayoiongoza ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Diwani anaingia kwenye baraza la madiwani, linalopitisha bajeti ya halmashauri, sheria ndogo na ushuru. Mbunge anatunga sheria na kuihoji serikali.

Kwa hiyo mgombea wa mtaa akija kwako, muulize mambo ya mtaa: *Mkutano wa mapato na matumizi utauitisha lini? Korongo hili tunalijengea vipi kivuko? Taka za soko zinakwenda wapi?* Mgombea udiwani muulize ushuru wa mwalo unarudi vipi kwa wavuvi wenyewe. Andika jibu na tarehe kwenye daftari. Jibu hilo utalihitaji hatua ya 7.

Kuhusu kanga, sukari na elfu mbili mbili za usiku wa mwisho: ni rushwa, kwa anayetoa na anayepokea. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Na asiyekuwa karani kituoni hana haki ya kuishika kadi yako au kunakili namba yake, hata akisema anaandaa orodha ya msaada. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

## Hatua ya 6: Siku ya kura

Usiku wa kuamkia siku hiyo, toa kadi kwenye bahasha. Angalia tena jina la kituo. Shule moja inaweza kuwa na vituo kadhaa, kila kimoja na orodha yake mlangoni, kwa hiyo kujua jina la shule pekee hakutoshi.

Uchaguzi mkuu wa 2025 vituo vilifunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Ule wa mitaa wa 2024 ulianza saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Aliye kwenye foleni saa 10:00 inapogonga anaruhusiwa kumalizia. Anayefika baada ya hapo harudishiwi saa. Nenda mapema.

Usivae fulana wala kofia ya chama. Utarudishwa, na utakuwa umejitakia.

Mezani. Onyesha kadi. Kwa uchaguzi mkuu, aliyepoteza kadi lakini jina lake limo kwenye Daftari ameruhusiwa katika chaguzi zilizopita kutumia kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au pasipoti, mradi majina yafanane. Unaona sasa kwa nini Hatua ya 2 ilikuwa ndefu. Kwenye uchaguzi wa mitaa vitambulisho vinavyokubalika ni vingi zaidi. Kikubwa ni jina kuwemo kwenye orodha.

Karatasi za kura. Uchaguzi mkuu utapewa tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Kabla hujaingia kwenye kibanda, hakikisha umepewa zote na kila moja ina mhuri. Ikikosekana moja, sema palepale.

Ndani ya kibanda. Weka alama ya tiki kwenye kisanduku cha unayemtaka. Moja tu kwa kila karatasi. Usiandike jina lako, usiweke sahihi, usichore moyo, usiandike ujumbe kwa mgombea. Kura yenye alama ya kumtambulisha mpiga kura huharibika. Ukikosea, usifute wala usikwangue: rudisha karatasi kwa msimamizi wa kituo, atakupa nyingine. Watu hawalijui hili, wanatumbukiza kura iliyoharibika kwa aibu.

Kunja karatasi, tumbukiza kila moja kwenye sanduku lake, paka wino kidoleni, uondoke. Usipige picha kura yako. Anayekudai picha hiyo anataka kuhakikisha kwamba alichokinunua amekipata.

Wanaohitaji msaada. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na watu wenye ulemavu hawapangi foleni. Wapishwe, na kama hawapishwi, wewe uliye mbele anza kuwapisha. Asiyeona ana haki ya kuomba kifaa cha nukta nundu kama anaifahamu, au kuingia na mtu anayemwamini yeye mwenyewe. Wakala wa chama hawezi kuwa mtu huyo, wala msimamizi wa kituo. Kama unampeleka bibi yako, mpeleke, msomee majina yote kwa utulivu, weka tiki anapotaka *yeye*, na mkitoka usimwambie mtu.

Matokeo ya kituo hubandikwa nje baada ya kuhesabu. Rudi usome. Andika takwimu za kituo chako kwenye daftari.

## Hatua ya 7: Hudhuria mkutano, na uisome taarifa ya fedha

Kura imepigwa. Sasa ndiyo kazi inaanza, na hapa ninawasihi hasa.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na kwa utaratibu hukaa kila miezi mitatu. Mtaani nako wakazi huitwa kwenye mkutano wa mtaa. Si mkutano wa chama. Mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo cha juu kijijini: halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano huo kuridhia kwanza. Hilo limo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Wanaokuja kusema "mwenyekiti aliuza msitu wetu" waulizwe kwanza walikuwa wapi siku ya mkutano, na kama hakukuwa na mkutano, hiyo ndiyo hoja yao nzito kuliko zote.

Mkutano una mpangilio wake. Kufungua, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa za mtendaji pamoja na mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Mtu mzima asiyejua mpangilio huu hunyoosha mkono wakati usio wake, anakalishwa, anaondoka amenuna. Swali la ahadi ya zamani lina nafasi yake kwenye yatokanayo. Swali la fedha lina nafasi yake kwenye taarifa ya fedha. Usisubiri mengineyo, wakati huo watu wameshaanza kukung'uta vumbi la makalioni.

Tuchukue taarifa ya mfano, ya mchango wa kivuko cha korongo:

- Mapato: kaya 210 × shilingi 5,000 = 1,050,000
- Saruji mifuko 20 × 22,000 = 440,000
- Mchanga na kokoto, trip 4 × 60,000 = 240,000
- Fundi = 200,000
- Mengineyo = 170,000

Hesabu inakubali, jumla ni 1,050,000 na hakuna salio. Wengi watapiga makofi. Wewe uliza hivi, kwa sauti ya kawaida:

"Mwenyekiti, naomba ufafanuzi. Mtaa una kaya ngapi kwa jumla, na ambazo hazijalipa ni zipi? Stakabadhi za saruji ziko wapi tuzione? Na shilingi 170,000 za mengineyo zilinunua nini?"

Umeuliza maswali matatu na hujamtuhumu mtu. Ukisema "mmekula," unampa kiongozi nafasi ya kukasirika na kuacha swali. Ukisema "naomba tuone stakabadhi," hana pa kukimbilia ila kwenye faili. Jibu likikosekana, omba iandikwe kwenye muhtasari kwamba taarifa itakamilishwa mkutano ujao.

Akina mama, nafasi yenu kwenye mikutano hii ni kubwa kuliko mnavyoitumia. Nyinyi ndio mnaojua bomba limekauka tangu lini na kivuko kimemtumbukiza mtoto wa nani. Nendeni wawili watatu, mkubaliane mapema nani atauliza.

Na kama mkutano hauitishwi? Mwandikie mtendaji barua fupi mkiwa wakazi kadhaa wenye sahihi, mkiomba tarehe. Nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani.

Kufaulu hapa kunaonekana: taarifa ya fedha inabandikwa ukutani bila kuombwa.

## Hatua ya 8: Wajibu wa kila siku

Haya ni mafupi, ila ukiyakosa unapoteza nguvu ya kuuliza.

Lipa mchango halali na udai stakabadhi. Bila stakabadhi, kwa hesabu za mtaa hujalipa. Ukinunua dukani, dai risiti ya mashine. Malipo ya halmashauri yanapitia namba ya malipo, hayapitii mfuko wa shati la mtu. Kodi ya jengo yenye mita ya umeme inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo usimpe fedha mkononi anayepita nyumba kwa nyumba kuikusanya.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Safisha mtaro wa mbele ya nyumba yako. Korongo la Kigoma likizibwa na taka huleta mafuriko kwa walio chini.

Linda mali ya umma. Katiba, Ibara ya 27, inaufanya huo kuwa wajibu wa kila mtu. Koki ya bomba inayovuja na bati la zahanati linalong'olewa ni mali yako kisheria. Toa taarifa.

## Hatua ya 9: Peleka lalamiko kwa maandishi

Lalamiko la mdomo linakufa likifika mlangoni. Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe, jina lako na mtaa, tatizo kwa sentensi mbili, lini lilianza, na unaomba nini kifanyike na lini. Usichanganye mambo matano kwenye barua moja.

Anza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Usipojibiwa, panda kwa mtendaji wa kata na diwani, kisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, kisha mkuu wa wilaya. Ukiruka ngazi utarudishwa chini, na umepoteza wiki. Isipokuwa rushwa: hiyo ipeleke TAKUKURU moja kwa moja.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na iwekwe tarehe, uondoke nayo. Mpokeaji akisema hakuna haja ya mhuri, subiri kwa adabu mpaka ugongwe. Hiyo nakala ndiyo inayokufanya uonekane kwenye ngazi ya juu.

Andika kwenye daftari tarehe ya kurudi kuulizia, na urudi tarehe hiyo. Baraza la madiwani nalo hukaa kila miezi mitatu na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Muulize diwani wako kama jambo lenu limo kwenye makabrasha.

Jibu likitoka, liwe zuri au baya, lipeleke kwenye mkutano wa mtaa unaofuata, lisomwe kwenye yatokanayo na liingie kwenye muhtasari.